Kazi ya Kutunza Programu Kuukuu

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, nayo yanachapishwa hapa kwa maombi ya wanachama.)



Mwenyekiti aliponiandikia aliniomba nieleze habari za kazi yangu, akaongeza kwa mkono wake, chini ya sahihi, kwamba hotuba itatolewa baada ya pilau na kwa hiyo isiwe ya kulaza watu. Nitajitahidi. Hata hivyo jambo nililokuja nalo si la fahari. Wenzangu waliosimama hapa miaka iliyopita walizungumza juu ya madaraja waliyoyajenga na wagonjwa waliowaponya. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya vitu vikuukuu. Ni Afisa TEHAMA katika utumishi wa umma, na kwa zaidi ya miaka ishirini sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kutunza programu za kompyuta ambazo walioziandika wamekwisha kustaafu, na zana walizotumia kuziandika hazitengenezwi tena.

Nieleze kwanza jambo hili kwa wale ambao si wa fani yetu. Mtu anapoandika programu haanzi na kiwanja kitupu. Anafanya kama ajengaye nyumba ya udongo: kwanza husimamisha nguzo, akafunga fito, ndipo akakandika. Katika programu, nguzo na fito hizo aghalabu hutengenezwa na watu wengine, mara nyingi kampuni ya ng'ambo, nasi tunakandika udongo wetu juu yake, yaani kanuni zetu za mishahara, za mafao, za leseni na kadhalika. Nguzo na fito hizo ndizo nitakazoziita kiunzi. Mpita njia huona ukuta tu. Siku aliyetengeneza kiunzi anapotangaza kwamba hatakishughulikia tena, ukuta hausemi kitu, na asubuhi yake watu wanaingia ofisini kama kawaida. Lakini tangu siku hiyo mchwa akiingia hakuna fundi wa kumtoa.

Nitoe mfano ninaoufahamu vizuri. Kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la sita la Visual Basic mwaka 1998. Ilikuwa zana nyepesi kujifunza, na karani mwenye bidii aliweza kuandika nayo programu ya kufaa ofisi yake bila kuwa na shahada. Ulimwenguni kote, na hapa kwetu pia, ofisi nyingi zilijiandikia programu kwa njia hiyo. Mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo ikatoa Visual Basic nyingine, yenye jina lile lile, lakini isiyoweza kupokea kazi ya zamani kama ilivyo. Waandishi wengi wa programu walilalamika, hata wakatia sahihi ombi mwaka 2005. Haikusaidia. Tarehe 8 Aprili 2008 huduma kwa zana ile ya kuandikia ilikoma kabisa. Programu zilizokwisha kuandikwa bado zinakwenda, hata katika Windows 11, maana Microsoft imeendelea kuweka humo vipande vinavyoziendesha. Kwa hiyo tunayo nyumba inayokalika, lakini anayetaka kuongeza chumba hana duka la kununulia fito.

Ofisini kwetu tulikuwa na programu ya namna hiyo, iliyoandikwa mwaka 2001, ya kukokotoa mafao ya watumishi. Iliandikwa na afisa mmoja ambaye leo ni mstaafu. Hakuwa na msaidizi wala hakuwa na bajeti. Ukiiangalia leo utaona vifungo vya kijivu na maandishi madogo, na vijana wanaokuja kwa mafunzo ya kazi huicheka. Mimi sijaicheka, na sababu yake ndiyo hasa iliyonileta hapa.

Ndugu Mwenyekiti, kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mtu aliyeajiriwa mwaka huo akiwa na umri wa miaka 20 alitimiza miaka 60 mwaka 2005. Mashine ile ilikwisha kufa zamani sana, na zilizoifuata zikafa pia, lakini kumbukumbu za utumishi wa mtu huyo zilipaswa kuwa hai na sahihi siku anapodai haki yake. Sasa litazameni jambo hilo kwa vipimo vya leo. Kiunzi kimoja kilichopendwa sana na waandishi wa kurasa za mtandao, AngularJS cha kampuni ya Google, kilitoka mwaka 2010 na kuachwa mwishoni mwa mwaka 2021. Ni miaka 11 tu. Mtumishi hufanya kazi miaka 30 au zaidi. Hati ya kumiliki ardhi inaweza kuwa ya miaka 99. Cheti cha kuzaliwa hakina mwisho. Ahadi ambazo Serikali inawapa wananchi zina maisha marefu kuliko chombo chochote cha kuziandikia. Kwa hiyo kuwa na programu iliyochakaa si ajabu wala si aibu. Ni hali ya kawaida ambayo kila ofisi itaifikia, hata ile iliyonunua mfumo mpya mwaka jana. Aibu ni kuifikia bila kuwa na mtu wa kuitunza.

Nimeona hatari tatu katika jambo hili, nami nitazieleza moja moja.

Hatari ya kwanza ni kutojua ulicho nacho. Mwaka 2017 kampuni moja kubwa ya Marekani iitwayo Equifax, inayotunza habari za mikopo ya watu, iliibiwa habari za watu wapatao milioni 147. Wezi walipitia tundu katika kiunzi kiitwacho Apache Struts. Cha kusikitisha ni kwamba kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa mwezi Machi, nao wezi waliingia mwezi Mei. Kampuni ilipata habari za kiraka, wakuu wakaagiza kiwekwe, lakini mfumo mmoja wa zamani ukasahauliwa, na ukaguzi walioufanya haukuuona. Ninyi mnaoongoza ofisi, jiulizeni swali dogo: je, ipo orodha, hata ya kuandikwa kwa kalamu, inayoonyesha ofisi yenu inatumia programu zipi, zimejengwa juu ya kiunzi gani, toleo la ngapi, na nani anazijua? Nimezunguka ofisi nyingi. Orodha ya magari ipo, orodha ya viti ipo, na kila kiti kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Orodha ya programu mara nyingi haipo.

Hatari ya pili ni haraka ya kutupa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nchini Uingereza benki iitwayo TSB ilihamisha wateja wake kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya mwezi Aprili 2018, karibu wote kwa mara moja. Watu hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, na ilichukua miezi mambo kutengemaa. Mwaka 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza benki hiyo faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Mfumo mpya ulinunuliwa kwa fedha nyingi, na kilichokosekana ni majaribio ya kutosha kabla ya siku ya kuhama.

Kwetu sisi haraka hiyo ilikuja kwa sura nyingine. Miaka michache iliyopita tuliamua kwamba programu yetu ya mafao iandikwe upya, na uamuzi huo ulikuwa wa lazima, kwa sababu nitakazozitaja. Tulipewa kijana hodari kutoka chuo kikuu. Alipokuwa akisoma msimbo wa zamani alikuta mistari kama kumi hivi iliyokuwa ikiwaongezea miezi ya utumishi watu wenye namba za jalada zinazoanza kwa herufi fulani. Hapakuwa na maelezo yoyote. Akasema, "Mkuu, huu ni uchafu. Naufuta." Nikamwambia angoje, tumpigie simu mzee aliyeuandika.

Mzee alipokea simu akiwa shambani kwake. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao ni wale waliotoka shirika lililovunjwa. Ulikuja waraka kwamba utumishi wao wa kwanza uhesabiwe. Tazameni faili la nyaraka, chumba cha nyuma, kabati la chuma." Tulikwenda tukatazama. Waraka ulikuwapo, umeliwa na panya pembeni, lakini sahihi na mhuri vinaonekana. Wengi wa watumishi hao walikuwa walinzi, madereva na wahudumu wa ofisi, watu ambao wasingekuwa na wakili wala mjomba mkubwa wa kuwafuatilia. Kama mistari ile ingefutwa, programu mpya ingekwenda vizuri, vifungo vingependeza, hesabu zingetoka kwa haraka, na wazee wale wangepunjwa kila mwezi bila mtu yeyote kujua. Kijana yule alibadilika siku ile. Sasa kila akikuta mstari wa ajabu katika programu ya zamani huuliza kwanza, "Huu una mwenyewe?"

Hatari ya tatu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni kupoteza watu. Lugha ya COBOL ilibuniwa mwaka 1959, na hadi leo inaendesha kazi kubwa katika mabenki na serikali za nchi tajiri. Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipowaondoa watu kazini kwa mamilioni, jimbo la New Jersey la Marekani lilizidiwa na maombi ya fedha za wasio na ajira, na mifumo yake ya zamani ikaelemewa. Gavana wake, Phil Murphy, alisimama mbele ya wananchi akaomba wajitokeze wenye kuijua COBOL. Lilikuwa jimbo lenye fedha na vyuo vikuu mashuhuri. Lilikosa wazee waliokwisha kwenda nyumbani bila kurithisha ujuzi wao. Ikiwa hilo lilimpata tajiri, sisi tujihadhari zaidi. Yule mzee wetu alipokea simu kwa sababu ni mtu mwema na kwa sababu bado yu hai. Serikali haiwezi kujengwa juu ya bahati ya namna hiyo.

Sasa nieleze tulivyofanya, maana sikuja hapa kulalamika tu.

Jambo la kwanza tulitafuta msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Tulikuta nakala tatu katika diski tatu, na kila moja ilitofautiana na nyingine kidogo. Ilituchukua wiki kadhaa kuthibitisha ipi ndiyo inayofanya kazi. Tangu hapo nakala ni moja, mahali pake panajulikana, na kila badiliko huandikwa nani kalifanya, lini na kwa sababu gani.

La pili, tulichukua majalada ya zamani ya watumishi wa namna zote: walioacha kazi mapema, waliofariki, waliohamishwa, na wale wa shirika lililovunjwa. Tukakokotoa mafao yao kwa mkono, kwa kikokotoo na karatasi, kama walivyotufundisha walimu wetu hapa, na kuonyesha njia. Majibu hayo ndiyo yakawa mtihani. Programu mpya isipotoa jibu lile lile, imefeli, hata ikiwa inapendeza namna gani.

Katika zoezi hilo tulikuta jambo ambalo vijana wa hesabu watalifurahia. Visual Basic ya zamani ina desturi yake ya miaka. Ukiandika mwaka kwa tarakimu mbili, 00 hadi 29 huhesabiwa kuwa 2000 hadi 2029, lakini 30 hadi 99 huhesabiwa kuwa 1930 hadi 1999. Mwaka 2001 hilo halikumsumbua mtu. Siku moja karani aliandika 31 kama mwaka wa kustaafu wa mtumishi mmoja, na kompyuta ikajibu kwamba mtumishi huyo alistaafu mwaka 1931, labda kabla babu yake hajaoa. Karani alicheka, akaja kutuambia, nasi tukarekebisha. Asingecheka, hundi ingekwama. Na wanaotumia mifumo mingine wasitucheke. Mifumo mingi ya zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na nafasi waliyoitengea hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038. Ninyi mlio Kidato cha Sita leo mtakuwa katikati ya kazi zenu. Kazi hiyo itakuwa yenu.

La tatu, hatukuhama kwa siku moja. Upo mti jamii ya mkuyu ambao mbegu yake hudondoshwa na ndege juu ya mti mwingine. Huteremsha mizizi polepole kuuzunguka mti ule, na baada ya miaka unakuta mkuyu umesimama peke yake. Mwandishi mmoja wa Uingereza, Martin Fowler, aliuona mti wa namna hiyo huko Australia, akautumia kufundishia namna ya kubadilisha programu kuukuu. Ndivyo tulivyofanya. Tulianza na taarifa za kila mwezi, zikatoka katika mfumo mpya huku hesabu bado ikifanywa na ule wa zamani. Ikafuata kazi ya kupokea majalada. Moyo wa programu, yaani kikokotozi chenyewe, tuliuacha mwisho, na kwa mwaka mzima ilikwenda yote miwili, wa zamani na wa mpya, tukilinganisha majibu. Katika muda huo kompyuta yenye programu ya zamani iliondolewa kwenye mtandao, maana kitu kisicho na kiraka hakifai kukaa barabarani.

La nne, tuliweka sharti kwamba hakuna programu itakayojulikana na mtu mmoja tu. Mmoja akienda likizo, wa pili anaweza kuifungua, kuirekebisha na kuirudisha. Sharti hili ni dogo kulisema lakini ni ghali, kwa sababu wakubwa huona watu wawili wakifanya kazi ya mmoja.

Hapa ndipo nawageukia wale miongoni mwenu mlio na madaraka, maana naona wakurugenzi na hata wakuu wa taasisi kadhaa katika ukumbi huu. Ndugu zangu, fedha za kununua mfumo mpya hupatikana. Mfadhili huja, mkataba husainiwa, utepe hukatwa, picha hupigwa. Fedha za kutunza mfumo uliopo hazipatikani, kwa sababu hakuna utepe wa kukata. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawaombeni, kila mnapoidhinisha mfumo, ulizeni kabla ya kutia sahihi: msimbo utakuwa mikononi mwa nani? Kiunzi chake kitahudumiwa hadi mwaka gani? Nani ataujua mkandarasi akishaondoka? Na fungu la matunzo liko katika kasma ipi? Mkikosa jibu la moja katika hayo, rudisheni jalada.

Nanyi vijana mtakaokwenda vyuoni, mtafundishwa vitu vipya, na ni haki yenu. Vijifunzeni kwa bidii. Lakini mtakapoajiriwa, uwezekano mkubwa ni kwamba kazi ya kwanza mtakayopewa itakuwa programu iliyoandikwa kabla hamjazaliwa. Msiione kuwa adhabu. Someni kabla ya kufuta. Ulizeni kabla ya kudharau. Aliyeiandika hakuwa mjinga, alikuwa mtu wa wakati wake, mwenye zana za wakati wake, na watu wamelipwa haki zao kwa kazi ya mikono yake. Na mnapoandika za kwenu, andikeni na sababu, kwa lugha anayoielewa mwenzenu, mkijua kwamba kiunzi mnachojivunia leo kitachekwa na mwingine.

Mwisho nawaombeni wastaafu na mnaokaribia kustaafu. Kabla hamjakabidhi funguo, kaeni chini na daftari moja la kurasa mia. Andikeni yale ambayo hayamo katika mwongozo wowote: kwa nini kundi fulani linahesabiwa tofauti, waraka upo kabati gani, mashine ile hugoma lini na huondolewaje ugomvi. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko saa ya ukutani mtakayopewa siku ya kuagwa.

Programu yetu ya zamani ilizimwa mwaka jana. Mzee alialikwa, akaja, akatazama majibu ya mfumo mpya, akaomba jalada moja la wale wa shirika lililovunjwa. Miezi yao ilikuwamo. Akatikisa kichwa kukubali, akadai chai.